Siku Tuliyoambiwa Kibla Siyo Huku

Kuna Ijumaa moja, mwanangu, ambayo hata nikizeeka nikasahau jina langu mwenyewe, nadhani hiyo nitaikumbuka. Ilikuwa kiangazi, vumbi limetanda juu ya Buyenzi, mtaa wetu wa Bujumbura, na watu waliomaliza sala ya Ijumaa walikataa kurudi makwao kula. Walikuwa wanamngoja kaka yangu Yahya afungue karatasi.

Wewe msikiti wetu umeukuta hivi ulivyo. Umelizoea lile kuba kubwa la kijani ambalo hata anayeshuka kutoka Gihosha analiona, umezizoea nguzo za marumaru, ghorofa ya wanawake yenye ngazi yake, na mabomba ya udhu yaliyopangwa safu. Unavua viatu, unasali, unatoka. Hujui kilichotokea kabla jengo hilo halijasimama, na hilo si kosa lako, maana sisi tuliokuwapo tulinyamaza. Leo nakueleza. Nakueleza kwa sababu nawaona ninyi vijana na simu zenu, kila mnachokigundua mnakirusha kwenye kundi la WhatsApp kabla hamjakaa nacho hata kidogo. Na nawaona wazee wenzangu wanaficha mambo, halafu wanaita kuficha kwao busara. Mimi niliyaona yote mawili ndani ya nyumba moja, na nusura yatumalize.

Msikiti wa zamani ulikuwa wa matofali ya udongo, umepakwa chokaa, umeezekwa bati. Mvua ikinyesha ulikuwa husikii hotuba. Babu yangu mzaa mama, Mzee Hamadi, alikuwa mmoja wa walioujenga wakiwa vijana. Alikuwa mshonaji, na wenzake walikuwa madereva, wachuuzi wa vitambaa, mafundi wa gereji. Waliukanyaga ule udongo kwa miguu yao wenyewe. Wakausimamisha sambamba na barabara, kama nyumba zote za mtaa zilivyopangwa enzi za Wabelgiji, na mihirabu wakaielekeza kwenye milima, upande jua linakotokea. Waliambiwa Maka iko huko, nao wakaamini. Nani angewapimia? Humo tukasali, humo tukaozeshwa, humo majeneza yetu yakasaliwa. Na makaburini nako wachimbaji waliufuata msikiti, maana maiti anatazamishwa kibla, na kibla yetu tuliijua moja.

Babu alikuwa imamu wetu kwa miaka mingi, halafu akaacha ghafla. Alisema kifua kinambana na sauti haitoki. Mimi niliyekuwa nampelekea uji asubuhi nilikuwa namsikia akisoma Kurani chumbani kwake kwa sauti ileile nzito ya siku zote, lakini sikumuuliza kitu. Msichana wa enzi zetu hakumhoji babu yake. Akahamia safu ya nyuma kabisa, kwenye kona, akawa anasimama amegeuka kidogo. Watu wakasema ni nyonga, uzee huo.

Baadaye mama yetu akafariki. Yahya alikuwa ng'ambo anasomea usanifu wa majengo, hakuwahi maziko. Babu ndiye aliyemzika binti yake, na ndiye aliyebaki mkubwa wetu tangu hapo, kwa kuwa baba yetu alikuwa ametangulia zamani. Yahya aliporudi alikuwa ameshakuwa arshitekti, na mtaa mzima ulijivuna naye. Wauza nyama walikuwa wakimwona wanaita, "Arshitekti yetu huyo!" Kwa kuwa kuta za msikiti zilikuwa zimeanza kupasuka, na siku za Ijumaa watu walikuwa wanasalia mpaka barabarani, wakamwomba achore msikiti mpya, mkubwa, wa kisasa, unaolingana na mji ulivyokuwa unakua.

Basi, karatasi iliyofunguliwa Ijumaa ile ndiyo ya mchoro huo.

Yahya aliitandaza kwenye mkeka katikati ya msikiti, wanaume wakaizunguka. Sisi wanawake tulikuwa upande wetu, pazia limevutwa nusu ili na sisi tuone. Alieleza vizuri, mwanangu, wallahi alieleza vizuri. Akaonyesha kuba litakavyobebwa bila kuweka nguzo katikati ya wanaosali. Akaonyesha madirisha marefu yatakayoleta upepo wa ziwa jioni, na mnara, na ngazi ya wanawake ambayo hatutahitaji kupita mbele ya wanaume kuifikia. Wanawake waliokuwa karibu yangu walianza kupiga vigelegele vya chinichini. Nilijiona mrefu siku hiyo, dada wa mtu mkubwa.

Kisha Mzee Isa, rafiki wa babu, akainama juu ya karatasi akakunja uso.

"Yahya mwanangu, mbona hapa kwenye plani musikiti imelala upande? Barabara inapita hivi, yenyewe imekaa vile."

"Haikulala upande, Muzee," Yahya akajibu. "Hiyo njo kibla. Hii tunasalia leo njo imelala upande."

Akacheka. Nataka ukielewe kicheko hicho, kwa sababu nitakirudia. Hakikuwa cha dharau. Kilikuwa kicheko cha kijana aliyelipata jibu la hesabu ngumu na hawezi kungoja kulionyesha. Akatoa mfukoni busole, kile kijisahani cha kioo chenye sindano inayoonyesha kaskazini, akakiweka juu ya karatasi.

"Tazameni wenyewe. Tangu imejengwa, tunasali tukiangalia milima ya Gihosha. Maka haiko kule. Iko huku," akanyoosha mkono kushoto kwa mihirabu, kaskazini, upande wa mitaa ya Kinama na Kamenge. "Si kidogo. Ni mbali sana."

Nimewahi kukaa kwenye misiba mikubwa, mwanangu, na katika miaka mibaya ya nchi hii nimewahi kusikia milio ambayo sitaki uisikie maishani mwako. Lakini kimya kama kile sijakipata tena. Wanaume wazima walikuwa wanaitazama mihirabu ya chokaa kana kwamba wamekuta nyoka ndani yake. Mzee mmoja alikaa chini polepole, mkono kichwani. Mwingine akaanza kusema, "Astaghfirullah, astaghfirullah," bila kukoma, kama mtu anayetetemeka kwa baridi. Nyuma kijana mmoja aliuliza kwa sauti ndogo, "Sasa sala zetu zote zilikwenda wapi?"

Halafu Mzee Isa akauliza swali ambalo Yahya, pamoja na elimu yake yote, hakuwa amelifikiria.

"Na makaburi?"

Kile kicheko kilimtoka kaka yangu usoni kama maji yaliyomwagwa.

"Kama walifuata musikiti, Muzee, basi na yenyewe..."

Wanawake walianza kulia. Jirani yangu alinishika mkono hadi kucha zikaniingia. Mimi nilikuwa namwaza mama, nikageuka kumtafuta babu, maana mtu akipigwa na jambo huwa anamtafuta mkubwa wake. Nikamwona kwenye kona yake. Msikiti mzima ulikuwa umeduwaa, ila yeye hakuwa ameduwaa. Alikuwa anatazama viganja vyake. Sikuielewa sababu.

Aliyeijua sababu kabla yetu sote ni Khamisi. Khamisi alikuwa fundi gereji, rafiki wa Yahya tangu wakiwa wadogo wa kuazimana mashati. Baba yake alifariki siku chache tu baada ya mama yetu, na wakazikwa jirani. Alisimama katikati ya watu, uso umebadilika.

"Ngojeni," alisema. "Kaburi ya mama ya Yahya. Si imekaa upande?"

Ni kweli, lilikuwa limekaa upande. Kila aliyezuru makaburi alilijua. Kati ya makaburi yote yaliyonyooka safu kwa safu, la mama lilikuwa limekatiza, mpaka watu wakawa wanalalamika kwamba linaziba njia. Siku ya maziko babu aliwaambia wachimbaji waligeuze, akisema chini kuna jiwe kubwa. Nani angembishia mzee anayemzika binti yake?

Watu wakatoka kama maji ya mtaro. Sikumbuki hata kama nilivaa viatu. Wanawake huwa hatuendi makaburini pamoja na wanaume, lakini siku ile hakuna aliyemzuia mwenzake. Tulipofika, Yahya alipiga magoti kando ya kaburi la mama. Alikuwa hajakaa hapo sawasawa tangu arudi. Alikuwa amekuja mara moja tu, haraka, na machozi yake ya kujificha. Aliweka busole juu ya udongo. Akangoja sindano itulie.

"Iko sawa," alisema. Sauti ilikuwa si yake. "Ya mama iko sawa kabisa. Inaangalia Maka."

Halafu akanyanyua macho kulitazama kaburi la jirani, la baba yake Khamisi, lililonyooka na mengine yote kuelekea milimani.

"Babu yenu alijua," Khamisi alisema.

"Apana!" Nilipiga kelele mimi. "Kulikuwa na jiwe! Waliambiwa kuna jiwe!"

Khamisi alikwenda kwenye kibanda cha wachimbaji akachukua ile fimbo ya chuma wanayopimia ardhi. Akaizamisha kandokando ya kaburi la mama, upande huu, kisha upande ule, kisha kichwani. Kila mara iliingia mpaka mkono wake ukagusa ardhi. Mchanga mtupu, mwanangu. Mchanga laini wa bonde letu. Nilikaa chini hapohapo. Mtu aliyenifundisha Alhamdu, mtu ambaye sikuwahi kumsikia akidanganya hata bei ya kitambaa, alikuwa amedanganya juu ya kaburi la mama yangu.

Tulirudi nyumbani na umati nyuma yetu. Babu alikuwa ameshafika. Alikuwa amevaa kanzu safi, amekaa barazani karibu na cherehani yake, anatungoja. Ua ulijaa, watu wengine wakapanda ukutani. Hakusubiri kuulizwa.

"Hakukuwa na jiwe," alisema.

Akaeleza yote, macho chini. Zamani kidogo alikuwa amempokea mgeni, mfanyabiashara wa vitambaa aliyepita Bujumbura akalala kwetu. Asubuhi babu akamwona mgeni anatandika mkeka kuelekea kwingine. Akadhani amepotea, akamsahihisha. Mgeni, kwa adabu, akatoa busole yake. Wakapima pamoja, wakarudia, wakatoka nje wakapima tena. "Mi njo nilichora ile mustari ya musingi nikiwa kijana," babu alisema. "Kwa mukono wangu. Siku ile nilitaka ardhi inimeze."

"Na haukusema," Khamisi akamwambia.

"Sikusema. Mulikuwa mumetoka kugombana. Nusu ya watu walitaka kuhama musikiti, tulikuwa tumewapatanisha juzi tu. Nikasema, nikileta na hii, watapigana. Ngoja wapoe. Nikasema Ijumaa inayokuja. Halafu ile inayokuja. Nikaacha kusalisha, maana sikuweza kuwatanguliza watu mahali najua si penyewe. Nikajidanganya kwamba hiyo inatosha."

"Lakini mutoto wako ulimugeuza."

"Alikuwa mutoto wangu," babu akajibu.

"Na baba yangu alikuwa nani?" Khamisi alikuwa halii, na hilo ndilo lililotisha. "Ulisimama na mi pale kwenye shimo. Ulishika udongo na hii mikono ukamutupia baba yangu, na we unajua. Ulinipa pole!"

"Nilijua," babu alisema. "Ni kweli."

Mwanangu, hasira ya mtu aliyedanganywa na adui unaweza kuishika mkono ukaituliza. Ya mtu aliyedanganywa na anayempenda haina pa kushika. Khamisi aligeuka, akachukua jembe lililokuwa limeegemezwa ukutani kwetu, akasema anakwenda kumtoa baba yake amlaze vizuri. Sauti nyingine ikaitika kwamba na yeye anakwenda kwa mama yake. Na nyingine tena. Nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiwaza, mtaa wa watu wanaoheshimiana unakwenda kufukua maiti wake mchana kweupe. Mzee Isa alimtuma mtu mbio kumleta shehe mmoja mzee sana aliyekaa upande wa Musaga, ambaye misikiti yote ya mji ilimsikiliza.

Babu aliinuka akawafuata. Nilimshika mkono nikimsihi abaki, akanitoa taratibu. Yahya alikuwa anatembea nyuma yetu kama mgonjwa.

Babu alifika akajiweka kati ya Khamisi na kaburi la baba yake. Mzee mwembamba, kanzu imejaa vumbi la njiani.

"Khamisi, sikukatazi," alisema. "Sina mudomo wa kukukataza. Lakini ukimutoa wako, basi anza na wa kwangu. Mutoeni, mumulaze kama wengine wote. Mi njo nilimutenga na wenzake."

Sijui nilitoa sauti gani. Nilimrukia babu yangu, mimi niliyekuwa sijawahi hata kumtazama machoni, nikamshika kanzu nikimwambia mama aachwe, mama hakumdanganya mtu. Yahya akaja akanikumbatia, tukaanguka wote wawili kwenye mchanga. Khamisi alitutazama. Akainua jembe akalipiga juu ya kaburi la baba yake, mara moja tu, na udongo mkavu ukaruka. Halafu jembe likabaki palepale limezama, na yeye amelishika mpini, hawezi kulitoa, hawezi kuliacha.

Hapo ndipo yule shehe alipofika, anashikiliwa bega na kijana aliyetumwa kwake. Hakuuliza chochote, alikuwa ameshaelezwa njiani. Alikwenda moja kwa moja kwa Khamisi akaweka mkono wake juu ya ule mpini.

"Baba yako alisali wapi maisha yake?" alimuuliza.

"Musikitini kwetu."

"Aliangalia wapi?"

"Pale alipoambiwa."

"Basi alimwangalia Mungu. Aliyejitahidi akakosea njia, sala yake ni sala, na kaburi yake ni kaburi. Hakuna wa kulipa sala hata moja hapa, na hakuna wa kufukuliwa. Muache muzee wako alale. Hakukosa kitu."

Khamisi aliachia jembe, ndipo machozi yakamtoka. Alilia kwa kwikwi kama mtoto, na watu wote makaburini wakalia naye, kila mmoja akitafuta la kwake. Shehe akawaacha walie. Kisha akamgeukia babu, na sauti yake haikuwa ileile.

"Wasiojua hawana deni. We ulijua. Hilo ni lako, Hamadi, na sitakuondolea. Utawaomba hawa watu musamaha mutu kwa mutu, na asiyetaka kukusamehe usimulazimishe."

"Ndiyo, bwana shehe," babu akajibu.

"Na we, arshitekti." Yahya aliinua kichwa. "Ulipojua, ulimwambia nani kwanza?"

"Sikumwambia mutu. Nilitaka waone wenyewe."

"Ulitaka wakuone we," shehe alisema.

Jioni ile nyumbani hatukuwasha moto wa kupika. Babu na Yahya walikaa barazani, kila mmoja kwenye kiti chake. Mimi nilikuwa mlangoni, siwezi kuingia ndani, siwezi kukaa nao. Babu ndiye aliyeanza.

"Ulisema kweli, mutoto wangu. Lakini uliisema ukicheka."

Yahya alifikiri. Hakuwa mtu wa kumjibu mkubwa, lakini siku ile mambo mengi yalikuwa yamevunjika.

"Na we, babu, uliificha ukisali na sisi."

Nilidhani babu atamfukuza. Babu alitikisa kichwa kwa kukubali, tena na tena, kisha akaanza kulia bila sauti, na kaka yangu akashuka kwenye kiti akaenda kukaa kwenye sakafu karibu na miguu yake.

Ijumaa iliyofuata watu walikuta mistari ya chaki imechorwa sakafuni kwenye msikiti wa zamani, safu mpya zinakatiza chumba mshazari. Tuligongana viwiko, wengine walijikuta wanasujudu kwenye kona, wengine mbele ya nguzo. Kabla ya hotuba babu alisimama akaomba msamaha mbele ya wote, kisha mwezi mzima akazunguka nyumba kwa nyumba kama alivyoamriwa. Mzee Isa alimkumbatia kabla hajamaliza sentensi. Mwanamke mmoja alimwambia amemsamehe lakini asipite tena kwake, moyo wake haujapoa. Wako waliomfungia mlango. Babu alikuwa anarudi anakunywa maji, anatoka tena. Kwa Khamisi alikwenda mara nyingi. Khamisi hakumfungia mlango, alimpa kiti, akaendelea na kazi yake chini ya gari, hasemi.

Msikiti mpya ulijengwa kama ulivyochorwa. Kwa kuwa jengo limeelekea kibla na kiwanja kimeelekea barabara, kando yake kikabaki kile kiuwanja cha pembetatu unapokaa na wenzako mkingoja adhana. Sasa unajua kimetoka wapi. Yahya alisimamia kila kitu, lakini kuanzia hapo, kabla ya kubomoa hata tofali moja, alikuwa anakwenda kwanza kwa wale waliolifyatua, wawili watatu, anakaa nao barazani, anawaeleza, anawangoja. Kazi ilichelewa kwa sababu hiyo, na wengine walimlaumu. Hakujali.

Babu hakuliona kuba. Alifariki kuta zikiwa zimefika usawa wa madirisha. Tulimzika katika safu mpya, na wachimbaji hawakuhitaji kuambiwa upande. Khamisi alikuja. Alitupa udongo kaburini, akasimama kidogo, akaondoka bila kumpa Yahya mkono. Baadaye, miaka ikiwa imepita, walianza kusalimiana, na siku binti yake Khamisi alipoolewa Yahya alialikwa, akaenda. Lakini ule urafiki wa kuazimana mashati haukurudi. Natamani ningekuambia kwamba ulirudi, mwanangu. Haukurudi.

Nimeyafikiria haya miaka mingi. Zamani nilidhani kosa la babu lilikuwa kunyamaza. Sivyo, au si hilo tu. Mtu anaweza kunyamaza kwa hofu, na watu wakaelewa, maana nani hajawahi kuogopa. Kilichomuumiza Khamisi ni kwamba babu aliyafanyia kazi aliyoyajua kwa ajili ya wa kwake peke yake. Ukweli aliunyima mtaa, akampa binti yake. Na kaka yangu naye, kosa lake halikuwa kusema. Lilikuwa kuwasomea watu habari nzito kama anayeonyesha nguo mpya, bila kujiuliza nani ana maiti chini ya habari hiyo.

Kwa hiyo nisikilize. Siku utakapojua jambo linaloweza kuwavunja watu, na siku hiyo itakuja, usilirushe hadharani siku hiyohiyo. Tafuta kwanza wale litakaowaumiza kuliko wengine, nenda kwao kwa miguu yako, kaa chini, sema polepole, na usiondoke wakiwa bado wanalia. Lakini usilifungie pia. Usiseme wiki ijayo, maana wiki ijayo nayo ina wiki yake ijayo, na utazeeka umelikalia. Na zaidi ya yote, kama umeshalijua na hujalisema, usilitumie kujinufaisha wewe na watoto wako huku majirani zako wakiendelea kupotea. Ukijikuta unafanya hivyo, jua umeshatoka katika busara, uko katika wizi. Na ukikosewa, mwanangu, lia, kasirika, lakini usiwaguse wafu kwa sababu ya makosa ya walio hai.

Mungu akupe macho ya kuona lililo sawa, na moyo wa kuwahurumia ambao hawajaliona. Aufanye ulimi wako kuwa mwepesi penye haki na mzito penye maumivu ya watu. Akupe marafiki, akulindie urafiki wenu usivunjike kwa neno ulilolificha wala kwa neno ulilolitupa. Awarehemu mama yangu, na babu yangu, na baba yake Khamisi, na wote waliolala wakielekea walikoelekezwa. Nenda sasa, mwanangu, nenda na radhi yangu.